Mkate Chini ya Mretemu

Ukitoka Malindi kwa barabara ya kwenda lango la Sala, upande wa mbuga ya Tsavo Mashariki, minazi inakuacha mapema. Mbele ni vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mbuzi, na vishamba vya mahindi vinavyongoja mvua. Huko, katika eneo la Chakama, kaunti ya Kilifi, ndiko uliko msitu wa Shakahola. Kabla ya Aprili 2023 wachache nje ya Kilifi walilijua jina hilo. Sasa likitajwa kanisani, watu huinamisha vichwa.

Waliohamia msituni humo walikuwa wameuza walichokuwa nacho na kuacha ndugu nyuma. Walitoka sehemu nyingi za Kenya, wala hawakuwa watu wasiojua kusoma, kama tunavyopenda kujifariji. Walikuwamo wenye vyeti na walioacha kazi za mshahara. Manusura walieleza kwamba makazi ya mle ndani yalipewa majina ya nchi takatifu: Yudea, Nazareti, Bethlehemu. Jina Bethlehemu kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Katika Bethlehemu hii watu walikuwa wakifa kwa njaa, na walioanza kufa, kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, walikuwa watoto.

Uchimbaji wa makaburi ulianza Aprili 21, 2023. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi, na hesabu ikapita miili 400. Chumba cha maiti cha Malindi kilijaa hadi ikabidi yaletwe makontena ya barafu. Wataalamu wakiongozwa na mpasuaji mkuu wa maiti wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, walikuta kwamba wengi walikuwa na dalili za kufa kwa njaa. Baadhi, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa, kukosa hewa na kupigwa.

Mhubiri wa waliohamia msituni, Paul Mackenzie, aliyeanzisha kanisa la Good News International huko Malindi mwaka 2003, alishtakiwa pamoja na wenzake kwa mauaji, kuua bila kukusudia na ugaidi. Walikana. Nani alitenda nini na atahukumiwa vipi, hilo ni la mahakama, nami siligusi. Ninachotaka kukitazama ni fundisho lenyewe, lile linalomwambia Mkristo kwamba anaweza kuharakisha safari yake kwa Yesu kwa kuunyima mwili chakula, na kwamba mzazi anaweza kumtanguliza mtoto wake kwa njia hiyo hiyo. Fundisho halifungwi gerezani. Linaweza kuamka kesho katika kanisa la mabati mtaani kwako, likiwa limevaa shati jingine.

Mama ninayetaka kumsimulia si mtu mmoja. Nimemshona kwa vipande, kutokana na yale waliyoeleza manusura na ndugu zao, kwa hiyo sitampa jina. Alikuwa na watoto watatu. Baba yao alikwenda Mombasa kutafuta kazi. Miezi ya kwanza alituma hela, kisha akatuma salamu, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mama akawa anafua nguo za watu. Akaja jirani akamkaribisha kanisani, na huko alipata kitu ambacho miaka miwili hakuna aliyempa: mtu wa kumwuliza ameamkaje. Alipewa kiti, akapewa wimbo, akapewa kuitwa dada. Ninalisema hili kwanza kwa sababu wengi hulisahau. Hakuna mtu anayeingia mahali pa mauti akijua ni pa mauti. Aliingia akitafuta uhai, na mwanzoni aliupata.

Mafundisho makali yalikuja polepole, jinsi maji yanavyopanda kisimani. Kwanza ilikuwa shule. Elimu ya dunia, aliambiwa, haimo katika Maandiko. Kifunguamimba wake alikuwa darasa la tano, akamtoa. Mwalimu alikuja nyumbani mara moja, akaambiwa mtoto amehamia kwa bibi yake. Kisha ikawa hospitali. Mtoto wa mwisho alikuwa bado anapelekwa kliniki, na kila mwezi nesi alimning'iniza kwenye mizani, akasoma mshale, akatia nukta katika kijitabu na kuchora mstari. Mstari ulikuwa unapanda vizuri. Mama akaambiwa kwamba anayekwenda kwa daktari hamwamini Mungu, na mstari ukaishia hapo. Mwaka 2019 serikali ilipokuwa inaandikisha wananchi kwa Huduma Namba, akafundishwa kwamba hiyo ndiyo chapa ya mnyama. Kitambulisho chake akakitupa. Mwisho ikawa ndugu. Ndugu asiyeamini ni mtego.

Nimekaa na orodha hiyo muda mrefu: shule, kliniki, kitambulisho, ndugu. Ukiitazama kwa macho ya mafundisho, kila kitu kina andiko lake. Ukiitazama kwa macho ya mtoto, utaona jambo jingine. Mwalimu ni mtu anayeita majina asubuhi na kugundua nani hayupo. Nesi ni mtu anayempima mtoto na kuuliza mbona amepungua. Chifu ana daftari. Shangazi anakuja bila hodi na kufunua sufuria. Kila katazo lilimwondoa shahidi mmoja, mpaka mtoto akabaki peke yake na watu waliokuwa wamekubaliana kutomwona. Njaa ilikuja mwisho kabisa, wakati hapakuwa tena na wa kuuliza. Mtu wa kwanza wa tiba kumgusa mtoto wa namna hiyo baada ya nesi wa kliniki alikuwa daktari wa maiti.

Mama huyu alikuwa na dada yake mkubwa, aliyebaki Malindi. Walizungumza kwa simu siku moja kabla simu hazijakatazwa.

"Watoto wanakula, mdogo wangu?"

"Dada, huku tunakula neno."

Dada akanyamaza. Hakujua aseme nini, maana tumelelewa kuamini kwamba mambo ya dini ya mtu hayaingiliwi, na kwamba anayemhoji mtumishi wa Mungu anajitafutia laana. Heshima hiyo ni nzuri mahali pake. Hapa iligeuka pazia.

Wala si kwamba hakuna aliyesema. Wanakijiji wa Shakahola walikuwa wameona watoto wamedhoofu, na walilia kwa wakubwa. Machi 2023 Mackenzie alifikishwa mbele ya sheria kuhusu watoto wawili waliodaiwa kuuawa kwa njaa na wazazi wao, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata ndipo majembe yalipoanza kuchimba. Sitoi hesabu hiyo ya fedha ili kumdharau hakimu yeyote. Naitoa kwa sababu hiyo ni bei ya mbuzi mmoja aliyenona. Sote, serikali na kanisa na majirani, tulikuwa bado hatujaamini kwamba jambo tulilokuwa tunaliangalia ni uhai wa watu.

Sasa turudi kwenye Maandiko yenyewe, kwa sababu waliokufa Shakahola hawakufa wakiyapinga. Walikufa wakidhani wanayatii.

Kuna nabii mmoja ambaye kila mtu aliyechoka kuishi anapaswa kusimuliwa habari zake. Eliya alikuwa ameshinda vita kubwa juu ya mlima Karmeli, kisha malkia Yezebeli akaapa kumwua. Akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake hapo, akaenda mwendo wa siku moja jangwani, akaketi chini ya mti uitwao mretemu, akamwomba Mungu amtoe roho. Hakuwa mpagani. Alikuwa nabii, na ombi lake lilikuwa sala. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kujibiwa sala ya namna hiyo, ni yeye.

Jibu la Mungu lilikuwa mkate. Malaika alimgusa, naye akaona karibu na kichwa chake mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamhimiza ale kwa sababu safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hakukemewa wala hakuulizwa imani yake iko wapi. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye sana, huko Horebu, baada ya kula mara mbili na kulala mara mbili. Mungu alipokutana na mtu aliyetaka kufa, kitu cha kwanza alichofanya ni kumpikia.

Ukishaliona hilo, utaliona kila mahali. Binti Yairo, msichana wa miaka kumi na miwili, alifufuliwa na Yesu mbele ya wazazi wake na wanafunzi watatu. Watu walishikwa na mshangao mkubwa, na katika mshangao huo hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto aliyekuwa mgonjwa ana njaa. Yesu ndiye aliyekumbuka. Aliagiza apewe chakula. Muujiza mkubwa kuliko yote, na neno linalofuata ni la jikoni! Baada ya kufufuka yeye mwenyewe, wanafunzi walimkuta ufuoni asubuhi ana moto wa makaa, samaki na mkate, akiwaita waje kula. Huyu ndiye ambaye watu wanaambiwa wamfuate kwa kufa njaa.

Najua andiko ambalo wahubiri wa njaa hulikimbilia, lile linalosema mkate peke yake hautoshi kumweka mtu hai. Yesu alilisema nyikani, baada ya kufunga siku 40. Lakini alilitoa katika Kumbukumbu la Torati, na huko halikusemwa kwa watu walioachwa wafe njaa. Lilisemwa kwa watu ambao Mungu aliwalisha mana kila asubuhi kwa miaka 40, hata nguo zao hazikuchakaa. Tena mwandishi wa Injili hakuona aibu kuandika kwamba mwishoni mwa siku hizo Yesu aliona njaa. Mwana wa Mungu aliona njaa, na malaika wakaja wakamhudumia. Hakufunga ili afe. Alifunga, kisha akashuka akaanza kazi, akawa anaalikwa karamuni mara nyingi kiasi cha wapinzani wake kumwita mlafi.

Na katika masimulizi hayo hayo ya nyikani kuna jambo ambalo kila Mkristo wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua kama anavyojua jina lake. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemdaka. Alimtolea andiko, zaburi halisi. Yaani wa kwanza katika Agano Jipya kumshawishi mtu ahatarishe uhai wake kwa jina la imani alikuwa na Biblia mdomoni. Yesu hakubishana naye kuhusu kama zaburi ile ni ya kweli. Alikataa kujitupa.

Kufunga ni jambo jema, nami sitaki mtu asome haya akaogopa Kwaresima. Kanisa limefunga tangu mwanzo. Lakini kufunga kwa Kikristo kuna saa ya kufungua. Kuna jioni, kuna Pasaka, kuna uji. Mapokeo ya kanisa yanawaondolea mzigo huo watoto, wagonjwa, wajawazito na wazee. Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwenda mbali zaidi. Watu wake walikuwa wanafunga na kuinamisha vichwa kama matete, naye akawaambia kwamba mfungo ambao Mungu anautaka ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumwingiza maskini nyumbani. Kwa kipimo cha Isaya, mtu anayefunga huku mtoto wake akilia njaa bado hajaanza kufunga.

Mtume Paulo anajua ile hamu ya kuondoka. Akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, alikiri kwamba kwenda kukaa na Kristo kungekuwa bora zaidi kwake. Kisha akaamua kwamba kubaki katika mwili kunahitajika zaidi kwa ajili yao. Hamu hiyo si dhambi. Watakatifu wengi waliijua, na bibi zetu wakiwa vitandani hutamka maneno hayo hayo. Tofauti ni kwamba Paulo hakuichukua saa mkononi mwake. Huko huko Filipi, miaka kabla ya barua hiyo, mlinzi wa gereza alipochomoa upanga ajiue kwa kudhani wafungwa wametoroka, Paulo alipaza sauti gizani kumsihi asijidhuru, akimwambia wote wapo. Alimwita mlinzi wake, mtu aliyemfunga miguu kwenye mti, arudi kwenye uhai. Usiku ule ule mlinzi aliwaosha majeraha, akawaandalia meza.

Watu wa kanisa la kwanza walikutana na swali letu hasa, kwa sababu waliishi wakati kifo kwa ajili ya Kristo kilikuwa cha kweli. Waliuawa kweli, na waliwaheshimu waliouawa. Katika hali hiyo ni rahisi kuanza kukipenda kifo chenyewe. Simulizi la kale la kuuawa kwa Polikapo, askofu wa Smirna katika karne ya pili, linataja mtu aliyeitwa Quintus, kutoka Frigia. Huyu alijipeleka mwenyewe kwa watawala na kuwahimiza wengine wajipeleke. Alipowaona wanyama wakali aliingiwa na hofu, akaapa na kutoa dhabihu kwa miungu. Waandishi wa simulizi hilo wanasema wazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka, kwa kuwa Injili haifundishi hivyo.

Polikapo alifanya kinyume. Aliposihiwa ajifiche, alikubali akaenda shambani. Alipofikiwa na askari hakukimbia tena, lakini tazama alivyofanya: aliagiza wapewe chakula na kinywaji kadiri walivyotaka, akaomba apewe saa moja tu ya kusali. Mzee wa miaka zaidi ya 80, anakwenda kufa, na anawaandalia mezani wanaokuja kumwua. Alikuwa tayari kufa kwa sababu hakutaka kumkana Bwana wake. Hakutafuta kifo. Kati ya Polikapo na Quintus kuna mpaka mzima wa imani ya Kikristo kuhusu uhai, na kanisa liliuchora mapema, kwa damu yake.

Mafundisho ya kale yaitwayo Didache, kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Wakristo nje ya Biblia, yalikataza kuua watoto wachanga, katika ulimwengu wa Kirumi ambako mtoto asiyetakiwa angeweza kutupwa nje. Wakristo wa wakati ule walijulikana kwa kutowatupa watoto wao. Msingi wao ulikuwa mmoja: mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mfano huo haungoji mtoto aweze kukariri Baba Yetu. Haupungui kwa mgonjwa, wala kwa mzee anayesahau majina ya wajukuu. Ndiyo maana hata mzazi, mwenye mamlaka makubwa juu ya mtoto, hana mamlaka ya kuutoa uhai wake. Hata juu ya mwili wake mwenyewe hana. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba miili yao ni hekalu, na kwamba wao si mali yao wenyewe, kwa kuwa walinunuliwa kwa gharama. Aliyeambiwa abomoe hekalu ili amfurahishe mwenye hekalu, amedanganywa.

Nasi hatukukosa onyo. Machi 17, 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Kwao mwisho wa dunia ulikuwa umetarajiwa mwaka 1999 unapokwisha, na haukuja. Waumini walikuwa wameuza mali zao. Walikuwa wanaishi kimya, wakiwasiliana kwa ishara, kwa hofu kwamba ulimi ungewafanya wavunje amri ya kutoshuhudia uongo. Kabla ya moto kulikuwa na karamu, ng'ombe dume wakachinjwa na soda zikaletwa kwa makreti. Siku zilizofuata miili mingine mamia ilifukuliwa katika mashimo sehemu mbalimbali. Kati ya viongozi alikuwamo padri aliyesomea Marekani. Nasema padri msomi makusudi, kwa sababu baada ya Shakahola nimesikia wengi wakisema dawa ni kuwapeleka wachungaji chuoni. Chuo ni kizuri. Kanungu kilikuwapo.

Kilichofanana kati ya Kanungu na Shakahola ni ukimya. Kule ndimi zilifungwa. Huku simu, shule na kliniki. Mungu wa Biblia anauliza maswali tangu bustanini, na swali lake kwa Kaini lilikuwa kuhusu ndugu yake yuko wapi. Mahali ambapo swali hilo limekatazwa, hata kama wimbo ni mzuri na mkesha una machozi ya kweli, damu ya Abeli haiko mbali.

Nina neno moja zito zaidi, na linatuhusu sisi tuliobaki na imani yetu safi. Waokoaji walipoingia msituni walikuta watu waliodhoofu kiasi cha kushindwa kutembea, na baadhi yao walikataa maji, wakasema waachwe wamalize. Walichukuliwa kwa nguvu. Juni 2023 watu 65 kati ya waliookolewa walifikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa sababu waliendelea kukataa chakula. Ninaelewa kwamba maofisa walitafuta njia ya kuwalazimisha waishi. Lakini nilipoona picha ile, watu wenye mikono kama vijiti wamesimama kizimbani, nilikumbuka mretemu. Malaika hakumshtaki Eliya. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakwenda kinyume na katiba, nami niliipokea hukumu hiyo kama Mkristo kwa shukrani. Uhai ni mtakatifu mno kuulinda kwa pingu.

Kanisa lenyewe lina cha kutubu hapa. Kwa vizazi vingi aliyejiua alizikwa bila sala, pembeni, na familia yake ikabeba aibu juu ya msiba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba maumivu makali ya nafsi yanaweza kumpunguzia mtu wajibu wa tendo hilo, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wake. Bado wapo makatekista na wazee wa kanisa ambao hawajasikia. Tukisema uhai ni mtakatifu kisha tukamwogopesha mtu aliyechoka asituambie amechoka, atakwenda kumwambia mwingine. Na mwingine huyo anaweza kuwa na kichaka na tarehe.

Mama wetu wa watoto watatu, nilikwisha sema, aliingia akitafuta mtu wa kumwuliza ameamkaje. Kama parokia yake ya kwanza, au usharika, au kundi la akina mama la mtaa lingempelekea kilo mbili za unga mwezi ule simu ya mumewe ilipozima, sidhani kama lile kanisa la pili lingempata. Hili silisemi kumpunguzia lawama aliyemfundisha kuua. Nalisema kwa sababu kilo mbili za unga ziko ndani ya uwezo wetu.

Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya makaburi kufunguliwa, familia za kwanza zilikabidhiwa miili huko Malindi, baada ya vinasaba kulinganishwa. Wengine walikuwa wametoa sampuli na kwenda nyumbani kungoja. Dada mkubwa wa simulizi langu yumo kati ya hao wanaongoja. Alifungua kinywa, akapitishiwa kijiti cha pamba shavuni kwa ndani, akaandika majina manne kwenye fomu, la mdogo wake na ya watoto watatu. Ofisa alimwuliza kama ana karatasi yoyote yao. Alikuwa na moja tu, ile iliyosahauliwa kwake siku ya kuhama, kijitabu cha kliniki cha yule mtoto wa mwisho. Alikitoa kwenye mfuko wa nailoni, akakifungua penye grafu. Mstari wa uzito unaanza chini kushoto, unapanda nukta kwa nukta, mwezi kwa mwezi, ukiwa mzuri kabisa, hadi mwezi wa kumi na tisa. Baada ya hapo ni karatasi nyeupe.